Vidonge vya Hajja Insaf

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi ya Hajja Insaf, Rihab alitoka chuoni na karatasi moja mkobani na furaha aliyoionea haya. Hakutaka kusubiri gari. Alikwenda kwa miguu chini ya jua la Juni, na alipoingia mtaa wa Toril jasho lilikuwa limeshalowesha hijabu yake shingoni.

Furaha ilitokana na karatasi, haya kwa ajili ya marehemu. Mtu hafurahi kabla matanga hayajapoa, sembuse akiwa mchumba wa mwana wa marehemu, sembuse akiwa ndiye anayetajwa na nusu ya mji wa Mansura kwamba ameua.

Maneno yalianzia kwa Dalal, dada mkubwa wa Hatim, mchumba wa Rihab. Siku ya kwanza ya msiba, mbele ya wanawake arobaini waliovaa nyeusi, Dalal alimpokonya Rihab kikombe cha kahawa mkononi.

"Kahawa yetu huinywi," alimwambia. "Mikono yako imetutosha."

Wanawake wote wakaitazama ile mikono. Walijua kazi yake. Rihab alikuwa mtafiti wa bakteria sugu, wale ambao dawa hazifui dafu kwao tena, na kutwa nzima alishinda nao maabara akiwaotesha kwenye visahani. Walijua pia kwamba wiki mbili kabla Hajja Insaf hajaugua, kwa mara ya kwanza tangu uchumba, mama mkwe huyo alimruhusu aingie jikoni kwake, wakakaa pamoja wakiviringisha wali kwenye majani ya mzabibu. Rihab alirudi nyumbani siku ile akiimba. Baada ya wiki mbili Hajja akashikwa na homa, vijidudu vikapanda kutoka kwenye figo vikaingia kwenye damu, kila dawa ikajaribiwa isifue dafu, na siku ya tisa akakata roho.

Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo?

Hapo awali Hajja mwenyewe alikuwa ameshatabiri. Siku Hatim alipompeleka Rihab kumtambulisha, mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mwanangu anauza dawa za kuua vijidudu. Wewe unavifuga. Mtalala kitanda kimoja vipi?"

Sasa majirani walikuwa wakimrudishia baba yake bakuli za wali wa maziwa alizowapelekea, zikiwa hazijafunuliwa. Chuoni, kwa malalamiko ya Dalal, walikuwa wamemsimamisha kazi mpaka uchunguzi ukamilike. Na Hatim hakuwa amepiga simu hata mara moja.

Lakini leo asubuhi uchunguzi umekamilika.

Hatim, mfamasia ambaye wateja walimwita Dokta, alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa, ndevu za msiba zimemjaa, shati jeusi limemlegea mabegani. Alipoinua macho na kumwona mlangoni, Rihab alisahau maneno yote aliyoyapanga njiani. Miaka miwili, na bado macho yale yalimfanya ajisikie kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati.

"Umekuja," Hatim alisema.

"Nimekuja. Siku kumi na moja, Hatim. Hata simu?"

"Nyumba imejaa watu."

"Simu inaingia hata chooni."

Midomo yake ilitaka kucheka, ikajizuia. Rihab akaona jinsi alivyokonda, akatamani kunyoosha mkono amguse shavu. Badala yake alitoa karatasi, akaitandaza juu ya kaunta.

"Isome. Isome kama mfamasia, usiisome kama mtoto wa marehemu."

"Rihab, leo sijisikii..."

"Basi nikusomee mimi. Mama alitolewa vijiwe vya figo miaka miwili na nusu iliyopita, sivyo? Wakati ule mimi na wewe hatujuani hata kwa sura. Mkojo wake uliletwa maabara, vijidudu vyake vikawekwa kwenye friza pamoja na mamia ya watu wengine. Profesa Samiha wa maabara yetu amevitoa. Amevilinganisha na vile vilivyomuua. Hatim, plasmidi ni ile ile!"

Kwa Hatim neno hilo halikuhitaji maelezo. Rihab alishampigia hadithi zake jioni nyingi. Plasmidi ni kijipete cha chembe za urithi ambacho bakteria hukibeba tumboni, ndani yake mna siri za kuishinda dawa, naye humpa mwenziwe nakala kama jirani anavyomchongeshea jirani ufunguo.

"Ile ile," alirudia. "Alikuwa nayo kabla hajanijua. Mwaka ule ilikuwa na siri za kushinda dawa tatu. Safari hii, saba. Na katika vijidudu vyangu vyote vya maabara, hakuna hata kimoja chenye plasmidi inayofanana nayo. Si mimi, mpenzi wangu. Chuo kimenirudisha kazini asubuhi hii."

Alingoja aone uso wake ukifunguka. Hatim aliipitisha macho karatasi haraka, haraka mno, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Kisha akaikunja.

"Alhamdulillahi," alisema, akitazama chini.

Mlango ukasukumwa. Mama mmoja mnene aliingia, kitambaa kashika mdomoni.

"Mungu amrehemu mama yako, Dokta. Koo linaniwasha, nafikiri ni hili feni. Nipe zile nyekundu na nyeusi."

"Una homa, mama?"

"Homa sina, lakini nisiingoje mpaka ije."

Hatim alivuta kisanduku, akatoa karatasi ya vidonge, akaikata kwa mkasi. "Sita hivi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ukipata nafuu, acha."

Yule mama akaondoka akimwombea dua. Rihab alikuwa ameganda, anautazama mkasi.

"Hatim. Hata leo?"

"Nisipompa mimi, atapewa duka la pili. Unataka nifunge?"

"Mwanamke hana homa. Umempa siku tatu, na umemwambia aache katikati!"

"Usinifundishe kazi yangu."

"Ndiyo kazi inayoniletea vijidudu kwenye visahani vyangu. Dawa nusu nusu huua wanyonge tu, wenye plasmidi wakabaki, wakazaliana, wakagawana..."

Hapo akalikumbuka bati la biskuti.

Hospitali, siku ya pili ya ugonjwa, Hajja Insaf alikuwa bado na nguvu za kumchokoza. Rihab alimuuliza ni dawa gani alizowahi kutumia, na Hajja akajibu kwa kiburi, "Nina bati zima la biskuti limejaa vidonge chini ya kitanda. Mwanangu hanisahau. Nikikohoa mara moja tu, jioni ananiletea. Wanawake wengine watoto wao huwapelekea nini? Machungwa!" Rihab alicheka naye siku ile. Kama mtafiti alielewa, ila kama mchumba alilisukuma wazo lile mbali, na kwa siku zote hizi hakuwa amelirudia. Hakuja hapa leo kumlaumu mtu. Alikuja kusafishwa.

"Ulijua," alisema polepole.

Hatim alikaa kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nilijua siku ile ile daktari alipotutajia dawa zilizoshindwa. Zote nilishampa, Rihab. Moja baada ya moja, miaka minane. Kikohozi, kiuno, mafua, jino. Nilikuwa siwezi kuingia kwake mikono mitupu. Alikuwa anazifurahia kuliko matunda. Anazipanga kitandani kama shanga, anawaonyesha jirani zake..." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilimuua mama yangu kwa kumpenda."

Rihab alizunguka kaunta. Hasira yote ilimyeyuka. Alimshika kichwa, akakilaza kifuani kwake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, mlango uko wazi na watu wanapita.

"Hukumuua," alimnong'oneza. "Mamilioni ya watu hutoa vidonge hivi hivi. Ulikosea. Sikiliza, tutabeba pamoja. Hili silisemi kwa mtu. Habari za mgonjwa ni siri, hata chuo hakiruhusiwi kuitoa karatasi hii nje. Lakini wewe ni mwanawe. Mwambie Dalal sentensi moja tu: Rihab hakumuua mama. Basi. Sitaki msamaha wala karamu."

Akahisi kichwa kikijiondoa kifuani mwake.

"Siwezi."

"Sentensi moja, Hatim."

"Atauliza, kama si yeye, ni nani? Nitamjibu nini?"

"Mwambie hujui."

"Dalal? Anamsoma mtu kwenye kope. Vumilia, Rihab. Vumilia mpaka arobaini ipite. Tutafunga ndoa kimyakimya, nina rafiki ameniahidi kazi Kuwait. Huko nani anamjua Hajja Insaf?"

"Na baba yangu abaki hapa anarudishiwa bakuli?"

"Watu husahau."

"Dada yako atasahau kwamba nilimuua mama yake? Nikizaa, atakuja kumbeba mtoto kwa mikono miwili huku akijua yangu ilifanya nini?" Rihab alirudi nyuma, upande wa wateja. "Unataka niolewe na dhambi yako, Hatim. Ndiyo mahari yangu?"

"Unanipenda au hunipendi?"

"Usiniulize hivyo. Usithubutu kuniuliza hivyo."

Wakati huo huo Dalal akaingia, kabeba sufuria dogo lililofungwa kwa kitambaa: mlenda wa nyama ya sungura, chakula cha mchana cha mdogo wake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, ameachwa na mume, ana mabinti wawili na mgongo ulionyooka kama mwiko. Alimwona Rihab, akasimama.

"Ooh, wifi! Umekuja kutuhesabu tumebaki wangapi?"

Rihab alimtazama Hatim. Karatasi ilikuwa mbele yake, iliyokunjwa, katikati ya kaunta. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, akiomba bila aibu. Sasa. Sema sasa, hata kwa kigugumizi, nami nitakufuata Kuwait na mwisho wa dunia.

Hatim alichukua visanduku vya dawa ya kikohozi, akaanza kuvipanga.

"Rihab amekuja kutoa pole," alisema.

"Pole tulishapokea," alisema Dalal. Aliweka sufuria juu ya kaunta, na jicho lake likapita juu ya karatasi lisitue. "Twende, wifi. Nikusindikize."

Nje, karibu na duka la fundi cherehani lililofungwa, Dalal alisimama kivulini. Rihab alijitayarisha kwa matusi. Hayakuja.

"Ile karatasi inasema si wewe," alisema Dalal.

"Umejuaje?"

"Ungekuja na nini kingine mchana huu? Usinionyeshe. Sitaki kuisoma. Najua si wewe."

Rihab alifikiri hakusikia sawasawa.

"Miaka minane nafagia chini ya kitanda cha mama," Dalal aliendelea, sauti ya chini, kavu. "Lile bati nalivuta mimi, nalirudisha mimi. Viwili vimeliwa hapa, vitatu pale, vingine vimegandana. Mimi si msomi kama wewe, lakini si mjinga. Daktari aliponiuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyumbani, nilimtazama Hatim. Alikuwa mlangoni anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikamwambia daktari, hakuna. Usiku wa mazishi bati nimelitupa mtoni."

"Halafu ukanipokonya kikombe mbele ya watu."

"Watu walikuwa wanauliza mama kafa vipi. Jibu lilikuwa linatakiwa."

"Kwa nini mimi?" Rihab alisikia sauti yake ikitoka ndogo, kama ya mtoto. "Nilikukosea nini, dada Dalal?"

Dalal alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa na kitu kinachofanana na huruma.

"Hukunikosea. Ila wewe unaweza kuondoka. Hatim nitamwondoa vipi? Baba hayupo, mama ndiyo huyo, mume wangu kaoa mwingine mjini Damieta. Nikimchukia mdogo wangu, sikukuu nitakwenda kwa nani? Mabinti zangu watatolewa na nani siku ya ndoa yao? Mchumba atapata mwingine. Wewe utapata mwingine. Mimi sina wa kunizalia ndugu mwingine."

"Na yeye hajui kwamba unajua?"

"Hajui, na hatajua. Aibu itamuua. Nitazikwa na siri hii." Akaweka mkono begani kwa Rihab. Mkono ulikuwa mzito na wa joto, mkono wa dada kabisa. "Nenda nyumbani, binti. Useme umeshindwa na mama mkwe hata baada ya kufa kwake. Watu watakuonea huruma baada ya mwaka."

Akaanza kwenda zake, kisha akakumbuka kwamba ameacha kitambaa cha sufuria ndani, akageuka kurudi. Rihab alikuwa ameshamtangulia mlangoni.

Hatujui moyo wake ulisema nini katika hatua zile chache. Yeye mwenyewe, baadaye, alikumbuka kitu kimoja tu: kwamba wote wawili walikuwa wamemwambia avumilie, na hakuna aliyemwambia ni lini ataacha kuwa muuaji. Huyu anamficha yule, yule anamficha huyu, na katikati yao wamemlaza yeye kama godoro ili asiumie yeyote akianguka.

Hatim alikuwa amefunua sufuria. Aliinua uso, na matumaini yaliyomjaa usoni yalikuwa mabaya kuyaona.

"Mmeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Rihab. Alivua pete kwenye kidole cha mkono wa kulia. Ilikwama kwenye kifundo, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka. "Dhahabu nyingine ya posa baba yangu ataileta."

"Rihab, usifanye hivi, ngoja arobaini..."

"Dada yako anajua vidonge vilitoka wapi. Amejua kabla ya mazishi. Bati amelitupa mtoni mwenyewe."

"Rihab!" Dalal alipiga kelele nyuma yake. "Mungu akulaani!"

"Sasa hamna wa kumficha mwenziwe," alisema Rihab. "Mimi hamnihitaji."

Hatim alimtazama dada yake. Dalal alisimama mlangoni, mkono mdomoni, mgongo ule ulionyooka umevunjika ghafla. Walitazamana hivyo, ndugu wawili, muda mrefu, na Rihab aliyesimama kati yao aligundua kwamba hakuna hata mmoja anayemwona. Hatim alisema, "Dalal," kwa sauti ambayo hakuwahi kumwitia yeye hata siku moja. Dalal akaenda kwake, akampiga kofi la nguvu, kisha akamkumbatia, wakalia pamoja.

Rihab akapita pembeni yao, akatoka.

Ustadhi Mukhtar, baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiarabu, alikuwa jikoni akichambua bamia kwa kisu kidogo. Alimtazama kidole kisicho na pete. Alimsogezea kiti, bakuli na kisu cha pili. Walichambua bamia pamoja mpaka jua likageukia upande wa pili wa dirisha.

"Hatim amepiga simu mara tatu," hatimaye alisema mzee.

"Anasema nini?"

"Analia. Anasema kesho baada ya sala ya Ijumaa atasimama mbele ya ukoo mzima aseme mama yake alikufa kwa makosa yake, na kwamba wewe huna hatia. Anasema ukitaka atasema kwenye kipaza sauti cha msikiti."

Rihab alikata kichwa cha bamia, akaiweka kwenye bakuli.

"Leo saa nane nilimwomba aseme mbele ya mtu mmoja."

"Binadamu huchelewa, mwanangu. Kuchelewa si kutokuja." Mzee aliweka kisu chini. "Unampenda bado?"

"Nampenda, Baba. Usinitazame hivyo. Nampenda, nikizikumbuka ndevu zile natamani kurudi."

"Basi?"

"Alipokuwa na cha kupoteza, alichagua kunipoteza mimi. Sasa dada ameshajua na ameshamsamehe, hana cha kupoteza tena, ndiyo amekuwa shujaa." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ushujaa wa bure sina pa kuuweka."

Mzee, mwalimu aliyekuwa na methali kwa kila jambo, alichukua bamia nyingine.

Simu ikaanza kuita sebuleni. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Nimwambie nini?" aliuliza Ustadhi Mukhtar, ameshainuka nusu.

"Mwambie asiseme kwa ajili yangu. Akitaka kusema, aseme kwa ajili ya yule mama wa feni, aliyepewa vidonge sita leo mchana. Amwambie avimalize au asivianze."

"Mama gani?"

"Yeye anamjua."

Baba yake akaenda. Rihab alisikia akisema, "Ndiyo, mwanangu... hapana, mwanangu... amesema hivi..." kwa ile sauti ya upole aliyokuwa akimwitia Hatim tangu siku ya uchumba. Aliinama juu ya bakuli. Bamia zilikuwa zimeshatosha, lakini aliendelea kukata, moja baada ya nyingine, utelezi ukimganda vidoleni na machozi yakidondoka humo humo, mpaka aliposikia simu ikirudishwa mahali pake.